Wewe ni nani kama wengine njo wanakuandika? Riwaya za Uingereza za mwisho wa karne ya 20 na swali la utambulisho

Leo tuache kidogo habari za concours na za stage, tuzungumuze vitabu. Najua kuna wenye watasema: vitabu vya Waingereza vinatuhusu nini sisi watu wa huku? Munivumilie, halafu kila mutu ataamua mwenyewe.

Katika riwaya ya Zadie Smith inayoitwa White Teeth, iliyotoka mwaka 2000, kuna baba mumoja jina lake Samad Iqbal. Asili yake ni Bengal. Alipigana vita vya pili vya dunia upande wa Waingereza, alisoma, kichwa chake kimejaa mambo. Lakini London kazi aliyopata ni kubeba sahani katika restaurant ya jamaa yake. Kila usiku wateja wanamutuma huku na huku bila kumutazama usoni. Samad anatamani kutembea na kibao shingoni, kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba yeye hapana mubeba-sahani tu: alikuwa mwanafunzi, alikuwa askari, ana muke, ana dini, ana rafiki.

Ni wangapi kati yetu wangependa kibao kama kile? Una diplome ndani ya bahasha ya plastiki chini ya kitanda, na muchana kutwa unaendesha pikipiki ao unauza unite kando ya barabara. Mutu anakuita "we, motard!" na kwake wewe umekwisha kuelezwa wote muzima kwa neno moja.

Hilo njo jambo wataalamu wanaita utambulisho wa mutu katika jamii: majibu ambayo jamii inatoa kwa swali "huyu ni nani?" Wanajibu kwa rangi yako, kabila lako, tabaka lako, dini yako, kazi yako, namna unaongea, na kama wewe ni mwanaume ao mwanamuke. Kwa maoni yangu, hakuna fasi swali hilo lilichunguzwa kwa undani kama katika riwaya za Uingereza zilizoandikwa kati ya miaka ya 1970 na 2000. Jambo ninalotaka tushike leo ni hili: katika riwaya hizo, utambulisho hauko kitu unazaliwa nacho na kukiweka mfukoni kama carte d'électeur. Unatengenezwa kila siku kati yako na wenye wanakutazama. Na kila jibu, hata lile unalopenda, lina bei yake.

1. Juu ya nini wakati ule?

Kwa muda murefu wenye nguvu wa Uingereza walikuwa wanaona swali hilo ni la watu wengine. Wao walitawala, wakaandika watu wa nchi zingine katika madaftari yao: kabila hili, rangi hii. Halafu mambo yakageuka.

Mwaka 1948 bunge lao lilipitisha sheria iliyompa mutu wa London, wa Jamaica na wa Lagos uraia wa aina moja. Mwaka ule ule, mwezi wa 6, meli Empire Windrush ilifika Tilbury, karibu na London, na mamia ya watu kutoka visiwa vya Caribbean. Vita vilikuwa vimekwisha, nchi ilihitaji mikono kwa mabasi, hospitali na viwanda. Wengine wakafuata kutoka India, Pakistan na Afrika.

Kisha mulango ukaanza kufungwa kidogo kidogo: sheria ya 1962, ya 1968, ya 1971. Sheria ya 1981, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1983, ilisema kwamba kuzaliwa Uingereza peke yake hakutoshi tena kuwa raia. Muzazi mumoja angalau awe raia ao awe na haki ya kukaa moja kwa moja. Angalia vizuri: ndani ya miaka 35, familia ile ile inaweza kulala ni raia na kuamuka ni watu wa kuulizwa makaratasi. Hawakubadilika wao. Ni maandishi juu yao yalibadilika.

Na wazungu wenyewe hawakupona. Margaret Thatcher alitawala kutoka 1979 mupaka 1990. Viwanda na migodi mingi vilifungwa. Mugomo wa wachimba makaa wa 1984-85 ulichukua karibu mwaka muzima, na wachimbaji wakashindwa. Fikiri mutu ambaye babu alikuwa muchimbaji, baba alikuwa muchimbaji, na jina la muji wao ni jina la mugodi. Mugodi ukifungwa, hapana mushahara tu unapotea. Ndugu wa Lubumbashi na Likasi hawana lazima ya maelezo mengi hapa.

Donc, pande zote mbili, wenye walifika na wenye walikuwapo, swali likawa moja: sasa sisi ni nani? Serikali ilikuwa inajibu kwa sheria. Waandishi wakajibu kwa hadithi.

2. Sauti ya simu na uso wa mulangoni

Tuanze na mama yetu Buchi Emecheta. Alizaliwa Lagos mwaka 1944, akafika London mwaka 1962 kumufuata mume wake aliyekuwa anasoma. Riwaya yake Second-Class Citizen ilitoka 1974, na sehemu kubwa inatoka katika maisha yake mwenyewe.

Mwanamuke wa kitabu anaitwa Adah. Kwao Lagos alikuwa na kazi nzuri katika maktaba ya ubalozi mudogo wa Marekani, mushahara wake ulilisha ukoo wa mume. Anafika London, mume anamuambia wazi: huku wewe ni raia wa daraja la pili, kama mweusi mwingine yeyote. Kwenye madirisha ya nyumba za kupanga kuna vibao vinavyosema watu wa rangi wasijisumbue kuuliza.

Siku moja Adah anapiga simu juu ya vyumba, anabadilisha sauti ili isisikike kama ya Muafrika. Kwenye simu bailleur anakubali vizuri. Jioni Adah na mume wanafika. Yule mama wa kizungu anafungua mulango, anaona nyuso, na palepale vyumba "vimekwisha kuchukuliwa". Kati ya simu na mulango, Adah hakubadilika hata kidogo. Alikuwa na makuta ile ile ya kulipa. Kitu kilichobadilika ni macho ya mwingine.

Lakini Emecheta hatuachi tukalia wazungu peke yao, na hapo njo ninamupenda zaidi. Wapangaji wenzake, Wanijeria kama yeye, wanamukasirikia sababu anafanya kazi ya maktaba na hafanyi kazi ya kiwandani kama wao. Wanamukasirikia tena sababu anakaa na watoto wake, wakati wao wanapeleka watoto walelewe kwa familia za kizungu. Wanaona anajifanya wa daraja la kwanza. Na mume wake Francis, mutu aliyeshindwa mitihani yake mara nyingi, anachoma moto kitabu cha kwanza ambacho Adah ameandika kwa mukono wake.

Jambo hilo la moto lilimpata mwandishi mwenyewe. Aliachana na mume, akalea watoto watano, akapata diplome ya sosiolojia katika Chuo Kikuu cha London, na akaandika upya kitabu kilichochomwa. Kilitoka 1976 kwa jina The Bride Price.

Tuone hapa kwamba Adah ana vibao vitatu kwa wakati mumoja: mweusi mbele ya wazungu, mwenye kujikweza mbele ya Wanijeria, muke wa mutu mbele ya mume. Kila kibao kina mwenye kukipigilia. Ukisoma riwaya na ukaona vibao vya rangi tu, umesoma nusu.

3. Kulipwa ili uvae sura yako mwenyewe

Hanif Kureishi ni hadithi ingine. Alizaliwa mwaka 1954 Bromley, kusini mwa London. Baba alitoka upande wa India na Pakistan, mama Muingereza. Riwaya yake The Buddha of Suburbia ilitoka 1990. Kijana anayesimulia anaitwa Karim Amir, na toka mwanzo anajitambulisha kama Muingereza kamili, halafu anaongeza kwamba ni karibu tu. Kitabu chote kinaishi ndani ya hiyo "karibu".

Baba yake Haroon alipoteza miaka mingi akijaribu kuongea na kutembea kama Muingereza. Ni karani wa serikali, hapandi cheo. Kisha anagundua kwamba wazungu wa mitaa ya pembeni wana kiu ya hekima ya Mashariki. Anaanza kuwafundisha kutafakari, wanakaa chini na kufunga macho. Na Karim anasikia jambo la kuchekesha: baba amerudisha lafudhi ya Kihindi aliyoikimbia miaka yote, tena anaizidisha! Kitu kilichokuwa aibu sasa kina soko.

Zamu ya Karim inafika. Anataka kuwa muchezaji wa teatre. Bwana mumoja, Shadwell, anamupa nafasi ya Mowgli katika The Jungle Book. Karim anafurahi, mupaka anapoambiwa kwamba atapakwa rangi awe mweusi zaidi ya ngozi yake, na aongee na lafudhi ya Kihindi. Kijana wa Bromley! Hajafika India hata siku moja. Shadwell alimusemesha hata lugha ya kule, Karim hakusikia neno, na bwana akacheka. Kwa Shadwell, yule Muhindi aliye kichwani mwake ni wa kweli kuliko Karim aliyesimama mbele yake.

Karim anafanya nini? Anakubali, sababu anataka kazi. Lakini jukwaani, katikati ya lafudhi ya Kihindi, mara moja moja anaangusha maneno kwa sauti ya mitaa ya London, na watu wanacheka. Ni upinzani mudogo sana. Dada Jamila, rafiki yake wa utoto, hauoni kama unatosha, anamukemea kwamba amejiuza. Kureishi hatuambii nani ana haki. Anatuachia na tumbo linauma.

Mudogo wangu unayeomba kazi katika mashirika, unajua habari hii. Kuna fasi wanataka "sauti ya wenyeji", lakini wenyeji wanaolia, hapana wenye kuchambua. Mimi mwenyewe, katika interview moja, niliulizwa nielezee mateso ya familia yangu kabla ya kuulizwa nimesoma nini. Nilijua jibu gani linalipa. Karim angenielewa.

4. Kazi iliyokula mutu

Katika kitabu cha tatu, hakuna mutu mweusi wala Muhindi katikati, na watu wengi wanafikiri hakihusu utambulisho. Ninasema kinahusu kuliko vyote. Ni The Remains of the Day cha Kazuo Ishiguro, kilichoshinda tuzo ya Booker mwaka 1989. Ishiguro alizaliwa Nagasaki, Japani, mwaka 1954, akafika Uingereza na wazazi wake mwaka 1960. Mwaka 2017 alipata Nobel.

Anayesimulia ni Stevens, mukubwa wa watumishi katika nyumba kubwa ya Lord Darlington. Ni mwaka 1956. Mwenye nyumba wa zamani amekufa, nyumba imenunuliwa na Mumarekani, na Stevens anasafiri kwa gari siku chache kumutembelea Miss Kenton, aliyekuwa anafanya naye kazi zamani. Njiani anakumbuka.

Neno ambalo Stevens anapenda ni heshima, ile hadhi ya kazi. Kwake, mutumishi mukubwa ni yule asiyevua kazi yake mbele ya watu, kama mutu asiyevua nguo barabarani. Mwaka 1923, mukutano mukubwa unaendelea chini, baba yake mwenyewe anakufa chumba cha juu, na Stevens anaendelea kuwahudumia wageni. Katika miaka ya 1930, Lord Darlington, aliyedanganywa na watu wa Hitler, anaamuru watumishi wawili wasichana wafukuzwe sababu ni Wayahudi. Stevens anaona ni vibaya. Anawafukuza. Miss Kenton anakasirika, anasema ataondoka naye, lakini hana fasi ya kwenda. Zaidi ya mwaka unapita ndipo Stevens anamuambia kwamba hata yeye jambo lile lilimuumiza. Miss Kenton anauliza: basi juu ya nini hukuniambia wakati ule?

Hakuweza. Mutu aliyekuwa na uwezo wa kusema hakuwapo tena. Alibaki mutumishi tu.

Safarini, gari linaishiwa mafuta, analala katika kijiji. Wanakijiji wanaona nguo zake nzuri, wanasikia Kiingereza chake, wanafikiri ni bwana mukubwa. Stevens anawaacha waamini. Ni daktari wa pale tu anayemugundua asubuhi. Kumbe Uingereza wa "juu" unaweza kuvaliwa, kama koti la mutu mwingine lililokukaa vizuri. Na aliyeandika hivyo ni mwana wa Nagasaki. Ishiguro alionyesha kwamba hata uingereza wenyewe, ule wa chai na nyumba kubwa, ni muchezo unaojifunza.

Kuna mwanakijiji mumoja pale, Harry Smith, anayembishia Stevens. Kwa Harry, heshima haiko ya mabwana na watumishi wao; ni ya kila raia mwenye kusema mawazo yake na kupiga kura, na kwa ajili hiyo watu walipigana na Hitler. Stevens anamuona kama mutu asiyeelewa. Sisi wasomaji tunaona nani haelewi.

Juu ya nini ninakaa hapa? Sababu vijana wengi wenye diplome wanaogopa kukosa kazi, na wana haki. Lakini kuna hatari ya upande wa pili ambayo hatuizungumuzi: kupata kazi, na kuipa kila kitu, mupaka bosi akikuamuru ubaya, hakuna tena mutu ndani yako wa kukataa.

5. Mwaka 1994: lugha mezani

Mwaka 1994 tuzo ya Booker ilimuendea James Kelman, Muskoti wa Glasgow, kwa riwaya How Late It Was, How Late. Sammy, mutu wa chini kabisa, anapigana na polisi, anapigwa, anaamuka ni kipofu, kisha anazungushwa kutoka ofisi moja mupaka ingine akiomba haki yake. Kelman hakukiandika kwa Kiingereza cha shule. Alikiandika kwa lugha ya mitaa ya Glasgow, na matusi yake yote. Mumoja wa waamuzi wa tuzo alisema wazi kwamba kitabu hakikustahili. Magazeti yakapiga kelele.

Kelman alikuwa na sababu, na ni sababu nzito. Katika riwaya nyingi za zamani, mutu wa chini anaongea lugha yake ndani ya alama za usemi, lakini mwenye kusimulia anaongea lugha ya mabwana. Yaani mwandishi anasimama juu, anamuonyesha masikini kwa kidole. Kelman alivunja ukuta huo: msimulizi na Sammy wanaongea lugha moja, hakuna alama ya kuwatenganisha. Alipopokea tuzo alitetea haki ya utamaduni wake na lugha yake kuwepo.

Sasa sikieni. Katika orodha ya mwisho ya tuzo ile ile, mwaka ule ule, kulikuwa riwaya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Gurnah alizaliwa 1948, akatoka kwao akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, akafika Uingereza mwaka 1968. Alifanya kazi za chini hospitalini, akasoma, akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 2021 alipata Nobel.

Paradise inarudi nyuma, wakati wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, kabla ya vita vya kwanza. Mutoto Yusuf, wa miaka 12, anatolewa na baba yake kwa mufanyabiashara Aziz. Yusuf anamuita Ami, yaani baba mudogo. Kijana mwingine, Khalil, anamufungua macho: huyu hapana ami yako, wewe ni rehani ya deni la baba yako. Neno moja la ukoo, na ndani yake kuna mulolongo wa utumwa! Sisi ambao kila mukubwa tunamuita tonton, tufikiri kidogo.

Kisha Aziz anapeleka msafara bara, unavuka ziwa kubwa, unafika kwa chifu Chatu. Watu wa pwani wanaona watu wa bara kuwa washenzi. Ukisoma kurasa zile ukiwa Uvira, Kalemie ao Bukavu, unakaa vizuri kwenye kiti: ni sisi tunaotazamwa. Misafara kama ile njo ilileta Kiswahili huku kwetu; baadaye wamisionari, wakoloni na migodi wakakieneza. Lugha iliyotuita washenzi ikawa lugha yetu ya soko, ya kanisa, ya kuchumbia. Na leo bado, ukifika Dar es Salaam ao Nairobi na ukasema "mutu" na "njo", kuna mwenye atacheka. Kelman amekwisha kutujibia: namna yako ya kuongea haiko uchafu wa kusafisha kabla hujaingia katika kitabu.

Sisemi tusijifunze Kiswahili sanifu, ao Kifaransa kizuri, ao Kiingereza. Tujifunze vyote. Ila kujifunza lugha ya pili ni jambo moja, kuona haya ya ile ya kwanza ni jambo lingine.

6. Anayedanganya pande mbili

Kitabu cha mwisho ni Admiring Silence, cha Gurnah pia, 1996. Anayesimulia ametoka Zanzibar, ni mwalimu London, anaishi na Muingereza jina lake Emma, wana binti, Amelia. Jina lake yeye hatuambiwi. Kwa baba ya Emma, anayependa ukoloni, anasimulia hadithi alizozitunga mwenyewe za Waingereza waliowatendea mema watu wa Afrika, sababu anaona njo muzee anataka kusikia. Hata Emma amepewa familia ya uongo. Na kwao Zanzibar, kwa miaka yote, hajawahi kuwaambia kwamba ana muke na mutoto.

Anarudi nyumbani baada ya karibu miaka 20. Familia imemutafutia muchumba. Inabidi aseme ukweli, na nyumba inaungua kwa maneno. Anarudi London, Emma anamuambia kwamba ana mutu mwingine. Sasa hana fasi kule wala huku.

Familia nyingi zetu zina ndugu Ulaya ao Marekani. Tunajua zile picha mbele ya gari ambalo haliko lake, na simu zinazokatika kila tukiuliza "unafanya kazi gani?" Gurnah ananifanya nisiwe mwepesi kuwahukumu. Mutu hadanganyi hivyo juu ya kupenda uongo. Anadanganya sababu kila upande umekwisha kumuandikia jibu, na ukweli hauingii katika mistari waliyoacha wazi.

7. Namna ya kusoma riwaya hizi

Kwa wenye wanaandika memoire, ao wenye wanapenda kusoma tu, ninapendekeza maswali matatu.

Kwanza: ni nani anapigilia kibao? Usiseme haraka "jamii". Tafuta mutu, na fasi, na siku: bailleur mulangoni, Shadwell katika teatre, mume jikoni, karani wa ofisi.

Pili: mutu anajibu namna gani, na analipa bei gani? Adah anaandika na kuondoka. Karim anacheza na kucheka kidogo. Stevens anavaa mupaka nguo inakuwa ngozi. Mwalimu wa Gurnah anatunga uongo.

Tatu: nani anasimulia, na kwa lugha gani? Stevens anasimulia mwenyewe, na kwa hiyo tunaona mambo ambayo yeye hataki kuona. Sammy anapewa lugha yake. Ukisahau swali hili, unaandika muhutasari wa hadithi, hapana uchambuzi.

Kuhusu vitabu vyenyewe: kama Kiingereza kinakusumbua, vingi vipo kwa Kifaransa: Citoyen de seconde zone, Le Bouddha de banlieue, Les Vestiges du jour, na White Teeth inaitwa Sourires de loup. Na Paradise ipo kwa Kiswahili, jina lake Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka 2022. Mumoja akipata, apitishe kwa wengine.

Mwisho, narudi kwa jambo linaloniuma. Kwetu swali "wewe ni mutu wa wapi?" halikuwa daima swali la salamu. Kuna fasi na siku ambapo jibu lake limepima maisha ya mutu. Ni hatari vilevile kwa anayeuliza, sababu akipata neno moja la kabila ao la kijiji, anafikiri amepata mutu muzima na anaacha kumutazama. Riwaya inafanya kazi ya kinyume: inakukalisha na mutu mumoja kurasa 300, mupaka neno lile moja linakuwa dogo sana kwake. Katika Zadie Smith, Samad anatuma mwana wake Magid kwao Bangladesh akakue katika dini na mila, anabaki na pacha wake Millat London. Magid anarudi ni Muingereza kuliko Waingereza, na Millat wa London anajiunga na kikundi kikali cha dini. Baba aliandika vibao viwili, watoto wakavichanganya.

Basi kesho ukimuita mutu motard, ao mama wa samaki, ao mutu wa kabila fulani, muulize jina lake pia, na alisoma nini, na anapenda nini. Na wewe mwenye diplome chini ya kitanda: itoe, iangalie, ni yako, uliifanyia kazi. Lakini hata siku isipokupa kazi, ile karatasi haina ruhusa ya kusema wewe ni nani peke yake.

Tuko pamoja. Musome vizuri.